Boti Namba Nane

Mzee wa boti kwenye bwawa la bustani ya mji hakumjua mtoto yeyote kwa jina. Kwake wote walikuwa namba. Utotoni Glenys aliizoea sauti yake ya kukwaruza ikitoka kwenye kipaza sauti cha bati: "Namba nne, muda umekwisha! Rudini!" Kisha mzee aliivuta boti kwa fimbo ndefu yenye ndoano, akaikanyaga ukingoni itulie, akatoa mkono unaonuka lami kumshusha mtoto.

Boti zilikuwa saba. Jioni moja, zote zikiwa zimeshafungwa, akaita, "Namba nane!"

"Babu, nane haipo!" Glenys akacheka.

Mzee akatupa ndoano majini, akavuta, akakanyaga ukingo usiokuwepo, akatoa mkono. "Taratibu, mwanangu." Halafu akamgeukia Glenys. "We binti, hebu mpishe mwenzio."

Glenys akasogea. Sweta yake ikalowa begani.