Kisima Kilichozinduliwa Kikavu

Nyuma ya ofisi ya kijiji kimoja nje ya Mtinko kuna shimo la futi arobaini. Aliyelichimba ni Antipasi, fundi wa visima, na kwa miaka saba watu waliliita kaburi la Antipasi.

Kosa lilikuwa la nani? Alipogonga mwamba aliomba siku kumi zaidi. Mwenyekiti Lazaro akakataa, maana mgeni rasmi alishapangiwa tarehe na mchele wa pilau ulishanunuliwa. Basi wakazindua. Naam, walizindua kisima kisicho na tone! Utepe ukakatwa, bendera ikasimikwa, mgeni akapewa jiwe la chini ya shimo liwe zawadi, wakala, wakatawanyika. Tangu hapo juu ya mfuniko wake kunaanikwa alizeti, na kufuata maji ni mwendo wa saa mbili.

Mwaka huu, kwenye mkutano wa kijiji, Antipasi aliomba ruhusa ya kushuka tena. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na mikono yake isingengoja kiangazi kingine. Lazaro akacheka.

"Mzee Antipasi, wewe ni kama wale wa redioni wanaotaka kurudi mwezini. Walishafika, wakakuta mawe. Wanarudia nini?"

Mkutano ukaangua kicheko. Antipasi naye aliisikia redio hiyo, ila yeye, tofauti na mwenyekiti, aliisikiliza mpaka mwisho.

"Waliokaa sana walikaa siku tatu," alisema. "Wakasimika bendera, wakaokota mawe, wakapiga picha, wakarudi kwao kushangiliwa. Hiyo ndiyo kumaliza kazi? Sasa wanasema kusini kabisa kuna mashimo yasiyoona jua, na ndani kuna barafu. Barafu ni maji, mwenyekiti! Ya kunywa, na hata ya kutengenezea mafuta ya chombo chao. Miaka zaidi ya hamsini, na hakuna aliyeshuka kuyachimba. Kazi hiyo ungepewa wewe, ungeshaandika ripoti kwamba mwezi ni mkavu."

Safari hii hakucheka mtu. Martina, mkewe, akasimama. "Kamba nitashika mimi." Wanawake wengine wakasimama naye, hao hao wa saa mbili za ndoo kichwani, na Lazaro akatoa ruhusa huku amekunja uso.

Siku ya sita ndoo ilipanda na tope. Tope bichi! Martina alijipaka mashavuni, akalia bila haya. Halijakauka, Lazaro huyo, simu mkononi, ameinama juu ya shimo.

"Mzee, panda tukupige picha! Nimeshampigia mgeni rasmi. Uzinduzi ni Jumamosi!"

Chini, nyundo ikanyamaza.

"Martina, huyo mtu bado yupo hapo?"

"Yupo."

"Mwambie mimi sipandi kabla ya maji. Kama Jumamosi yake ina haraka, ashuke ashike nyundo."

Lazaro akavitazama viatu vyake. Martina akashusha ndoo.