Mlango wa Uani wa Eikichi

"Mji mzima ukizimika, moto wa kwangu utawaka! Nikifa, huyu hapa atauwasha!"

Ndivyo Eikichi alivyotamba ukumbini, siku wenyeji walipokubaliana kwamba nyumba za barabara kuu ya kale haziuzwi, hazipangishwi, hazibomolewi. "Huyu hapa" alikuwa binti yake Sanae, wa miaka sita, amelala mapajani akimlowesha suruali kwa mate. Ukumbi ulivunjika mbavu.

Sasa Sanae ana miaka arobaini na anauza bima jijini Nagoya. Mama yake alishatangulia. Eikichi amebaki na nyumba ya wageni ya vyumba vitatu, na kila alfajiri huwasha meko katikati ya sebule ili moshi upande darini kufukuza wadudu wa mbao. Macho yamemwiva kama mlevi, na pombe hagusi. Watalii humpiga picha wakidhani anaililia historia.

Juzi Sanae akapiga simu: anakuja Jumamosi, ana neno. Eikichi akakataa wageni watano, akachoma mishikaki ya wali uliopondwa na kubanwa vijitini, akaondoa komeo la mlango wa uani. Kwao mgeni hupita mbele. Mwenye kwao hupitia nyuma, jikoni, akisema, "Nimerudi."

"We mzee," jirani yake Bi Kimie, muuza vitana, akamwita, "umenyoa ndevu mara mbili leo? Anakuja binti au mchumba?"

"Anakuja mwenye nyumba. Wewe uza vitana."

"Ningetegemea kichwa chako hicho cha upara, ningeshakufa njaa!"

Alasiri Eikichi alikuwa jikoni, macho kwenye mlango wa uani, jibu la "karibu nyumbani" limemjaa mdomoni. Sauti ikatokea mbele.

"Hodi humu! Samahani kwa usumbufu."

Alipofika, Sanae alikuwa ameshavua viatu na kuvipanga, ncha zikitazama barabarani.

Walipokwisha kula, neno likatoka. "Baba, nimenunua nyumba mjini. Kuna chumba chako."

"Kina meko?"

"Baba, ni ghorofa ya kumi na moja!"

"Basi moshi ungefika mbali."

Wakacheka, kisha kila mmoja akatazama bakuli lake.

Asubuhi Eikichi hakuinuka. Alijilaza macho makavu, akisikiliza. Nyayo za Sanae zikashuka ngazi, zikafika penye meko, zikasimama. Mzee akazuia pumzi. Nyayo zikaendelea hadi bombani, maji yakafunguliwa. Jua lilikuwa limeshagusa paa alipokwenda mwenyewe kupuliza makaa.

Wakati wa kuaga, Sanae alimkabidhi bahasha kwa mikono miwili, ameinama.

"Ya nini hii, mwanangu?"

"Ulikataa wageni kwa ajili yangu, Baba. Nisikutie hasara."

Angeweza kuirudisha. Badala yake alifungua daftari la wageni, Sanae akaandika jina lake na anwani ya Nagoya, kwa mwandiko mzuri.

Chini yake Eikichi akajaza: Chumba kimoja, chakula cha jioni na cha asubuhi: yeni elfu tisa na mia tano.