Abiria wa Tairi la Nyuma

Shangazi yangu ni dereva wa lori la masafa marefu, mwaka wa ishirini sasa. Kwetu ana chumba chake. Baba alimjengea, na kitanda kimetandikwa tangu siku hiyo, lakini hajawahi kukilalia. Akija anaegesha nje, anakula, anatutania, kisha anarudi kulala kwenye kabini. Ukimuuliza anakujibu, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe siliwezi." Baba hucheka, ila inamuuma.

Kila asubuhi shangazi hugonga matairi kwa nyundo, moja moja, huku ametega sikio. Lililojaa upepo lina sauti yake, lililopungua lina yake. Asubuhi moja alikuwa ametimiza siku tatu kwenye foleni ya mpakani, katikati ya mageti ya nchi mbili. Aligonga tairi la nyuma, la ndani. Tairi likalia nyau.

Mwingine angemfukuza paka akaendelea na shughuli zake. Shangazi kwa udadisi hajambo. Alijilaza vumbini, akapenyeza mkono, akatoa paka mchanga aliyejaa grisi, kisha akaanza kupita lori kwa lori. Ni wa nani? Kapandia wapi? Kajishikilia vipi? Madereva walimcheka. "Kuuliza si ujinga," aliwaambia, akaenda lori linalofuata. Hakuna aliyejua. Kufikia mchana paka alikuwa amelala ndani ya kofia yake, na shangazi, asiyepakia abiria hata wa dakika tano, alikuwa ameshampenda.

Kikwazo kikawa daktari wa mifugo wa mpakani.

"Mama, huyu katoka upande gani?"

"Sijui."

"Akiwa wa kule, namrudisha. Akiwa wa huku, hatoki bila kibali."

"Na akiwa wa hapa katikati?"

Daktari alikuna kichwa. Alifungua kitabu cha kanuni, akakifunga. "Haya, nitamchanja, nimwandikie cheti. Lakini lazima awe na mwenyewe, na awe na kwao. Anakaa wapi?"

Shangazi akataja namba ya lori.

"Lori si nyumba, mama. Bila nyumba anabaki hapa hapa. Wewe kwenu wapi?"

Nyuma yake honi zilikuwa zinalia. Alichukua kalamu ya daktari, akaanza tena namba ya lori, akaikata. Mwishowe akaandika anwani yetu.

Wiki iliyofuata aliingia na paka kwenye kofia. Baba alikisoma kile cheti mara mbili. Paka alikagua nyumba nzima, akanusa kila kona, akaingia chumba cha shangazi, akapanda kitandani na kujikunja. Tulimwita, wapi! Shangazi alisimama mlangoni akimtazama.

"Haya, na huyu naye," akasema, akavua viatu. Kisha akamnyooshea baba funguo za lori. "Kaka, kesho nisiamshwe mapema."