Incoronata Ataka Njozi Yake Ikataliwe

Watu wanaotokewa na Bikira Maria huja kwa paroko wakitetemeka kwa furaha. Incoronata Lacapra alikuja amefura kama mtu aliyeuziwa mayai viza.

Wakati huo nilikuwa mpishi wa Padri Canio, paroko wetu wa kijiji cha Montefosco. Kati ya jiko langu na ofisi yake palikuwa na mlango usiofungika vizuri, na mimi sikuwahi kumwita fundi. Kwa hiyo nayasema niliyoyasikia kwa masikio yangu.

"Padri, nimetokewa na Mama Maria," Incoronata alisema, hata hajaketi.

"Lini?"

"Jana asubuhi, nipo barazani natunga pilipili kwenye uzi nizianike. Nainua kichwa, huyo hapo."

"Na alisema neno?"

Nikaacha kumenya vitunguu.

"Alisema upuuzi."

"Mama wa Mungu alisema upuuzi?"

"Ndiyo maana nimekuja! Nataka Kanisa litamke kwamba si yeye. Ninyi si ndio wenye kazi hiyo?"

Incoronata alikuwa mjane mnene, mchapakazi, mwenye ulimi wa kunyolea ndevu. Alijua nani kachelewa misa na kwa nini, na kama hakujua sababu aliitunga mwenyewe. Kitu kimoja tu hakikuzungumzwa mbele yake: wifi yake Gerarda, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa mtaa wa juu. Walikuwa hawasalimiani tangu mwaka ule Gerarda alipochaguliwa kuishonea sanamu ya Mama Maria ya kanisani joho jipya la maandamano. Incoronata alilitamani joho lile kuliko pepo yenyewe. Juma lilelile la kuchaguliwa kwake uvumi ulitokea kwenye chemchemi tunakofulia, kwamba soseji za Gerarda ni za nguruwe kibudu. Hakuna aliyejua uvumi ulianzia wapi, na kila mtu alijua. Watu wakaacha kununua, na Gerarda akaacha kutengeneza.

"Niambie maneno yenyewe," Padri alisema.

"Alisema, 'Incoronata, nenda kwa wifi yako ukaseme kweli.' Basi! Hata siri ndogo ya mwisho wa dunia hakunipa. Bikira Maria gani huyo, Padri? Huyo ni shetani amevaa buluu."

"Shetani anakutuma ukapatane na wifi yako?"

"Mjanja yule!"

Padri Canio hakuwa mtu wa kukurupuka. Bonde la pili mchunga kondoo mmoja aliwahi kuona malaika mwambani. Watu wakamiminika, wauza mishumaa wakatajirika, na mwishowe malaika akateremka na kula kabichi za watu. Alikuwa mbuzi mweupe. Tangu hapo Padri alikuwa akiuliza maswali yake polepole, kama mtu anayekanyaga barafu.

"Ulikuwa umekula nini?"

"Maharage." Kisha akapata tumaini. "Na mvinyo, Padri. Mvinyo mwingi! Nilikuwa nimelewa chakari."

"Mvinyo humpa kiungulia!" nilipaza sauti kutoka jikoni. "Hajagusa tangu harusi yake!"

"Serafina, umeulizwa wewe?" akafoka. "Kashughulike na vitunguu vyako!"

Padri akampeleka kwa daktari, maana ni lazima kujua kama kichwa ni kizima kabla ya kuisumbua mbingu. Incoronata alikwenda mbio, hata akasahau kujifunga kitambaa. Daktari Tancredi akampima presha, akammulika macho, akamuuliza waziri mkuu ni nani. Akamtaja, akaongeza na kasoro zake zote.

"Mama, wewe ni mzima kuliko mimi."

"Tazama tena, daktari. Bibi yangu mzaa baba alikuwa akizungumza na kuku."

"Na wewe unazungumza na kuku?"

"Nawatukana tu."

"Basi mzima."

"Umesomea wapi wewe?" Incoronata alimwambia, akatoka na kubamiza mlango.

Ilibidi sasa jambo lifike kwa askofu, naye akamtuma Monsinyori Eustachio, mzee mkavu aliyetumia maisha yake kuchunguza sanamu zinazotokwa na machozi. Alifika siku ya mvua, viatu vimelowa. Kwa kuwa jikoni kwangu ndiko kulikokuwa na moto, baraza la uchunguzi lilikutana jikoni, Monsinyori miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Padri Canio, aliyekwisha kumsimulia habari za soseji, akakaa pembeni. Mimi niliambiwa nitoke. Nikasema supu itaungua, nikabaki.

"Umepata faida yoyote kwa njozi hii?" Monsinyori akaanza. "Umepokea zawadi? Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Ni aibu tupu."

"Alizungumza lugha gani?"

"Ya kwetu. Ya hapahapa mtaani."

"Alivaa nini?"

Hapo Incoronata akakunja uso. "Joho la buluu. Na pindo, Monsinyori... pindo lilikuwa limeshonwa! Mishono midogo, sawasawa, uzi hauonekani. Nikasema moyoni, huu ni mkono wa Gerarda. Roho iliniuma mpaka nikajidunga sindano." Akaonyesha kidole.

Monsinyori alikitazama kile kidole kwa muda.

"Mama, nimewasikiliza waonaji wengi," alisema. "Mmoja aliambiwa na Bikira kwamba shamba la jirani ni lake. Mwingine aliambiwa paroko ahamishwe. Wewe ndiye wa kwanza kuletewa agizo usilolitaka. Hilo linanifanya nifikiri."

"Usifikiri, Monsinyori! Kataa tu!"

Mzee akainua mguu mmoja, nikampa taulo.

"Nitakachoandika ni hiki. Sina uhakika kama alikuwa Bikira Maria. Sioni lolote lililo kinyume cha imani. Na hata ingekuwa kweli tupu, Kanisa halimlazimishi mtu kuamini njozi kama hii. Ukitaka, iweke kando. Hakuna dhambi."

Incoronata aliruka akambusu mkono. "Mungu akubariki! Nilijua waliosoma watanielewa!" Akachukua mwavuli wake, akafika mlangoni.

"Bado, mama," alisema Monsinyori. "Kwa wifi yako utakwenda lini?"

"Kwa wifi? Si umesema njozi hainilazimishi?"

"Njozi haikulazimishi. Injili inakulazimisha. Ulimsingizia mtu, ukamkata riziki. Kwa hilo hukuhitaji kutokewa na mtu yeyote barazani. Mama Maria, kama ndiye, alikuja kukukumbusha katekisimu."

Incoronata alisimama na mwavuli wake umefunguliwa ndani ya nyumba, akamtazama Padri Canio kuomba msaada. Padri akaangalia supu.

Jumamosi, chemchemi ikiwa imejaa wanawake na nguo, Gerarda alikuja na beseni lake, mwembamba, mdomo umebana. Incoronata akaacha shuka likielea. Uso ulikuwa mwekundu kama zile pilipili.

"Wifi!" Wote tukageuka. "Yule nguruwe hakuwa kibudu. Alikuwa mzima, mnono, mwenye afya kuliko mume wangu. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema uongo kwa sababu ya joho."

Gerarda aliweka beseni chini taratibu.

"Nani amekutuma?"

"Mama Maria. Na Monsinyori. Hasa Monsinyori."

"Mama Maria amekutokea *wewe*?" Nilidhani atampiga na shuka bichi. "Mimi nasali rozari kila siku, nimemshonea joho mpaka macho yakafifia, hata kivuli sijakiona! Halafu anakwenda kwako, mchawi wa maneno wewe?"

"Nimemwambia amekosea nyumba!"

"Na alikuwa amevaa nini?"

"Buluu. Pindo lilikuwa kama mkono wako, wifi. Naapa."

Gerarda akageuza uso, akafuta macho kwa kiwiko chenye povu, akasema ni sabuni. Halafu akasema, "Ulinitesa, Incoronata. Nilikuwa naila mwenyewe, siku baada ya siku, soseji ya kutosha harusi. Ulinitesa." Incoronata naye akaanza kulia kwa sauti, lakini Gerarda hakumkumbatia. Alifua nguo zake zote kwanza, kipande kwa kipande. Kisha akamwambia, "Shika upande huu," wakakamua blanketi pamoja.

Kuhusu ile njozi, haikurudi tena, na Incoronata hakuwahi kuitangaza. Majira ya baridi yaliyofuata Gerarda alichinja nguruwe, na Incoronata akazunguka mlango kwa mlango akiuza soseji, na ole wako ukatae. Siku ya kujaza soseji niliwakuta wamesimama kwenye meza moja, mikono imelowa mafuta hadi viwiko, wakigombana kuhusu chumvi kwa sauti ambayo Padri Canio aliisikia akiwa altareni.