Mbodze Msusi na Jicho la Mwanabaraka

Alizaliwa Rabai mwaka 1903, binti wa Kitsao, akabatizwa Perpetua, lakini Mombasa ilimjua kwa jina la Mbodze msusi. Alipofiwa na mumewe alihamia kisiwani, akapanga chumba Mji wa Kale, akawa akiwasuka mabibi wa Kiislamu majumbani mwao. Walimpenda kwa vidole vyake vyepesi na ulimi wake usiobeba maneno. Kila kichwa alikiombea kimyakimya, toka utosini hadi kisogoni.

Mwaka 1944 vidole hivyo vilikuta uvimbe kwa Mwanabaraka, binti wa Bimdogo, muuza kanga. Ulikuwa juu ya jicho la kushoto, nywele zinapoanzia, mgumu kama kokwa ya tende. Bimdogo alimshika mkono. "Mbodze, mwanangu ana mchumba. Nisitirie." Naye, tusimtetee, alisitiri. Miaka miwili aliushusha msuko juu yake kwa ufundi, na uvimbe ukakua chini ya ufundi huo, hata jicho likaanza kusukumwa nje na kuona ukungu.

Ijumaa Kuu ya 1946 alipiga magoti kanisani, sala ikamkataa. Akaenda moja kwa moja kwa Bimdogo, akalia. "Mama, mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nawe twampofua mtoto." Bimdogo alimfukuza. Kesho yake Mwanabaraka akamimina chai nje ya kikombe, na Bimdogo akatuma Mbodze aitwe.

Hospitalini daktari alipiga picha ya eksirei, akakunja uso, akasema huenda ni saratani, na kwamba hatathubutu kuikata. Mungu mkubwa! Hapo dhambi ya Mbodze iligeuzwa ushahidi. "Bwana daktari, miaka miwili naushika kila wiki. Haujauma, haujalainika, ngozi yateleza juu yake. Huu ni mfupa, bwana." Daktari alipiga picha nyingine, akaitazama sana, akasema, "Kweli, ni mfupa uliozidi tu. Tutauchonga."

Mwanabaraka aliikubali patasi, akaukataa wembe: bi harusi mwenye upara? Mbodze akaketi mbele yake, akajinyoa mwenyewe hadi ngozi. "Haya mwanangu, sasa tutachekwa wawili." Msichana akacheka, akainamisha kichwa. Daktari alichonga saa tatu nzima, na jicho likarudi mahali pake. Mchumba, kijana wa watu, alingoja nywele ziote.

Tangu hapo Mbodze hakusuka kichwa asichokikagua, wala hakuficha alichokikuta. Alifariki kwa homa ya mapafu, Agosti 1949. Mnaotaka muujiza, sikieni: Mwanabaraka alikuja msibani kabla ya maziko na buibui lake, akaomba kushona sanda. Alifumba jicho la kulia, akainua sindano dirishani, akapitisha uzi mara moja. Bimdogo, mkekani, aliangua kilio.

Basi ndugu yangu, wewe unayejua ugonjwa wa jirani ukaufunika kwa huruma, mwige Mbodze. Lakini usingoje Ijumaa Kuu. Nenda leo.