Mkono wa Kamusi

Jirani yangu wa mlango wa tatu tulimwita Kamusi, kwa sababu hakuna aliyekosea Kiswahili mbele yake akasalimika. Ukimwambia umekaa foleni masaa matatu, anainua kichwa kutoka kwenye beseni la kufulia: "Saa, jirani. Masaa hayapo."

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mama wa binti mmoja aliyekuwa chuo cha ualimu, na kazi yake ilikuwa kuuza mwili. Hakuificha, hakuitangaza. Alikuwa na chumba chake cha kazi mtaa wa pili na wateja aliowachagua mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu alikwenda kupima afya, na cheti akakihifadhi kwenye mfuko wa plastiki kama hati ya kiwanja.

Nijiseme mwenyewe kwanza, nisije nikawa nyani asiyeona kundule. Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka minne nilimshonea magauni, akamwandikia mwanangu barua ya kuomba kazi, na mwanangu akaipata. Na kwa miaka hiyo yote minne nilikuwa na kikombe kimoja cha bati alichonywea yeye peke yake. Alijua. Siku moja alikigeuza, akakitazama kitako, akasema, "Kikombe hiki kina bahati, jirani. Hakigombaniwi." Nikacheka. Sijui nilicheka nini.

Asubuhi moja sufuria ya maji yanayochemka ilimpindukia, ikamuunguza mkono wa kulia kutoka kiwiko hadi vidole. Alitoka chumbani kimya, ameuma meno, ngozi imeanza kuvimba. Nikamfunika mkono kwa kitambaa safi, nikamshika kiuno, tukaenda zahanati. Saa mbili kasoro robo tulikuwa kwenye benchi.

Karani wa mapokezi aliuliza jina, umri, kazi. Kamusi akajibu vyote vitatu, la mwisho kwa sauti ya chini. Karani akaacha kalamu, akaingia ndani, akarudi na nesi wa zamu. Nesi huyo hakuutazama mkono. Alimtazama Kamusi usoni, kisha kifuani, kisha miguuni.

"Wewe nenda chumba cha mwisho ukapimwe kwanza."

"Nimeungua, sista. Nilipima wiki iliyopita, cheti hiki hapa."

"Vyeti vyenu tunavijua. Siwezi kugusa damu yako bila kujua una nini."

"Glavu si unazo mfukoni?"

Benchi lote lilisikia. Mama mmoja alimvuta mwanawe upande wake. Mzee aliyekaa karibu na Kamusi alisogea, akaacha nafasi ya mtu mzima. Nesi akapaza sauti, safari hii akisema na benchi: "Hawa ndio wanaotumalizia dawa, halafu wanataka watangulie."

Kamusi hakukataa kupimwa. Niliyasikia maneno yake kwa masikio yangu. Alisema, "Nitapima, lakini nisafishieni mkono kwanza, unaniua." Nesi akaandika kitu kwenye kadi, akaenda zake. Tukakaa. Waliokuja baada yetu waliingia na kutoka, mmoja wao alikuwa na mafua. Saa saba mchana karani akaturudishia kadi, akatuambia daktari ameondoka.

Tulinunua dawa dukani, ya kupaka tu. Siku ya nne mkono ulinuka. Siku ya sita nilimpeleka hospitali kubwa akiwa na homa, na huko daktari kijana aliyemfungua kidonda akauliza kwa hasira mgonjwa alikuwa wapi siku zote hizi. Mkono ulipona, lakini vidole viwili, cha mwisho na cha pete, vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na havijanyooka mpaka leo.

Miezi ilipita. Ofisi ya afya ikaita mkutano wa wahudumu wa zahanati zote, wakataka na wanawake wa kazi ile waje "watoe ushuhuda". Kamusi akaniomba nimshonee gauni la kijivu. Nikashona, nikaenda naye.

Ukumbi ulijaa makoti meupe. Ofisa aliyeongoza mkutano, mwanamke mpole mwenye shanga shingoni, akamkaribisha mbele: "Dada, usiogope. Tuambie ulivyoingia kwenye maisha haya. Machozi yakija, yaache."

"Nilivyoingia si habari yenu," Kamusi akasema. "Nimekuja kuwaambia nilivyotoka. Nilitoka kwenye zahanati yenu saa saba mchana, na mkono niliokuja nao asubuhi, haujaguswa."

Akatoa ile kadi, akaisoma. Ilikuwa na mstari mmoja: *Kahaba. Amekataa huduma.*

"Neno la kwanza ni tusi, lakini nimelizoea. Nataka tuzungumze la pili." Akainua mkono wa kulia, vidole vimejikunja, wote wakauona. "Amekataa. Kitenzi hiki kina mtendaji. Nani alikataa? Nilikaa kwenye benchi kwa saa tano nikiomba. Aliyeandika hapa ametumia sarufi kusema uongo."

Ofisa akakohoa. "Pole sana, dada. Lakini, kwa nia njema tu, hujafikiria kuiacha hii kazi?"

"Ningekuwa mwashi nimeungua, mngeniuliza hivyo?"

Nyuma mtu alicheka kidogo, kicheko cha aibu, nikakitambua: ndicho kile changu cha siku ya kikombe. Nikasimama kabla sijajua nitasema nini. Nikasema mimi ni jirani yake, nilikuwepo, hakukataa. Na kwamba nyumbani kwangu nimemtengea kikombe kwa miaka minne, nisije nikawaacha nesi na karani wabebe dhambi yangu. Kamusi alinigeukia. Uso wake haukulainika hata kidogo, na sikustahili ulainike.

Kilichofuata ni kidogo. Nesi alihamishiwa zahanati nyingine, maana yake ana benchi jingine. Karani aliandika barua ya kuomba radhi, yenye makosa matatu. Kamusi aliyasahihisha kwa kalamu nyekundu, akairudisha. Swali la kazi limeondolewa kwenye fomu. Siku hizi yeye mwenyewe huwasindikiza wenzake wanaoogopa kwenda, anakaa nao mpaka waitwe, na wahudumu wakimwona wanavaa glavu upesi.

Bado anafanya kazi yake. Jina lake liko hospitali kubwa, kwenye orodha ya wanaosubiri upasuaji wa kunyooshwa vidole, na orodha haisogei. Kila asubuhi hunigongea nimfunge vifungo vya mgongoni, kwa sababu mkono mmoja hauviwezi. Ninapofunga, humtaja nesi yule, na maneno anayotumia hayamo katika kamusi yoyote. Simwambii anyamaze.