Kilichokuwa Kikimwangusha Farasi

Farasi akiumwa tumbo hajilazi kama mbuzi akasubiri. Anajipiga. Yule jike niliyekuwa nikimtunza alianza kwa kuugeukia ubavu wake na kuutazama kana kwamba mtu amemgusa, kisha akalipiga tumbo lake mwenyewe kwa kwato ya nyuma, mshindo kama wa mchi kinuni. Nilipofika kwenye mlango wa banda alikuwa ameshajitupa chini. Alibiringika, akainuka, akajirusha ukutani hadi matofali yakachomoka. Ngozi ya juu ya jicho ilichanika ikaning'inia. Nilimshika kamba ya kichwa, naye akanikokota mpaka kwenye nguzo, bega langu likagonga mti, nikabaki nimening'inia kwenye kamba ile kwa sababu sikujua namna nyingine ya kumsaidia.

Haikuwa mara ya kwanza. Tangu mvua zianze alikuwa akianguka hivyo, anapona, anakula, halafu anaanguka tena.

Mwenye farasi alikuwa mfanyabiashara wa mbao mjini Kisangani. Kila mtu alimwita patron, nami nilimwita hivyo. Alimnunua milimani Masisi ili apandwe na maharusi siku za Jumamosi, na yeye mwenyewe ampande siku za maandamano. Farasi aliletwa kwa ndege ya mizigo, na mimi nikaletwa pamoja naye, kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi kwenye mashamba ya huko na hapa hakuna aliyejua kumshika. Wapakuzi wa uwanja wa ndege wa Bangboka walimwona, wakashuka kwenye ngazi, wakakataa kupanda tena. Nilikusudia kukaa mpaka amezoea, kisha niendelee na safari. Tangu nilipomaliza sekondari naendelea na safari. Sasa nimepita miaka arobaini na bado sijafika. Lakini huyu alikuwa na mimba aliyotoka nayo milimani, nikataka kumwona mtoto wake. Jioni nilikuwa nikiweka pua kwenye singa zake nitafute harufu ya majani ya baridi ya milimani. Ilikuwa imeshakwisha zamani. Niliendelea kuitafuta.

Majani yake ya Kisangani yaliletwa na mvuvi mmoja wa Wagenia, mtu mzima kunizidi, mwembamba, mwenye mikono mikubwa. Aliyakata kwenye kisiwa cha mtoni, akayaleta kwa pirogi, mtumbwi wake, akayabeba kichwani hadi kwenye lango letu. Asubuhi ile ya matofali alifika na mzigo wake nikiwa ndiyo kwanza nimefaulu kumsimamisha farasi na kuanza kumtembeza uani, asije akabiringika tena akasokota utumbo.

Patron alikuwa amesimama langoni na kipande cha mbao mkononi.

"Papa, unamutilia nini mu majani?"

"Majani iko majani, patron. Nakata, naleta."

"Unakata wapi? Kwa walozi wenzako?"

Mvuvi alitabasamu. Nadhani aliona kuitwa mchawi ni utani, maana mtu huwezi kuulizwa hivyo ukiwa na mzigo kichwani. Ile mbao ilimpiga mdomoni. Mzigo ukaanguka, naye akauangukia. Aliinua mkono kujikinga, mbao ikashuka juu ya mkono, nikasikia vidole vikivunjika. Patron alikuwa akipiga na kutamka neno moja kwa kila pigo: mulozi, mulozi. Neno hilo mjini kwetu halihitaji maelezo. Waendesha pikipiki wa barabarani walizima injini zao wakaja. Mmoja alimpiga teke la mbavu bila hata kuuliza kisa. Mwingine alikuwa tayari anafungua tangi lake atie petroli kwenye chupa.

Sikuwa na silaha ila farasi. Nilimgeuza nikampeleka katikati yao. Alikuwa anatokwa jasho na damu, macho yamemtoka, na maumivu yalimrudia palepale: alirusha miguu ya nyuma akavunja taa ya pikipiki. Walitawanyika. Nilimvuta mvuvi kwa ukosi wa shati, nikamweka upande wa pili wa farasi, tukatoka langoni watatu, yeye ameshika singa kwa mkono uliobaki. Tuliteremka hivyo hadi kwenye maji.

"Farasi yako inanuka, mutoto," aliniambia tulipofika, damu ikimtoka puani. Ndiyo shukrani aliyonipa.

Nilimtembelea siku zilizofuata, nyumbani kwake karibu na maporomoko. Vidole vilikuwa vimefungwa kwa kijiti na kitambaa. Mtu asiyeijua kazi ya Wagenia atasema: vidole vitapona, ataendelea. Lakini kule miti imesimikwa juu ya mawe katikati ya maji yanayonguruma, migono, mitego yao ya samaki, imefungwa kwa kamba za msituni, na mtu anayekwenda kuinua mgono wake anashikiliwa na wenzake kwa kamba. Akiteleza, uzima wake uko mikononi mwao. Wakiteleza wao, uko mikononi mwake. Mtu aliyeitwa mulozi mbele ya watu hapewi kamba.

"Waliniambia nikae kwanza," alisema. "Hawakunifukuza. Walisema nikae."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ijulikane ni nini iko naangusha nyama ile. Kama haijulikane, nitakaa mpaka nikufe. Donc, weye unayelala nayo, uangalie vizuri."

Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Analala na farasi kwa sababu hana bibi." Mvuvi alitaka kucheka, mdomo uliopasuka ukamkatalia.

Nikawa nakata majani mwenyewe, kwenye kisiwa kilekile. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa kuwa farasi alipona. Alikula, akanenepa, nywele zikang'aa. Patron alipita bandani kila asubuhi kumwonyesha kila mgeni. "Si munaona? Mulozi hakuji tena, farasi iko bien." Nyumba ilikuwa kimya, kwa kuwa dada mkubwa wa patron, tuliyemwita tantine, alikuwa amekwenda Isangi kwenye matanga ya shemeji yake.

Tantine alirudi na boti, amechoka, na vikapu vya samaki wakavu. Siku chache baadaye farasi akaanguka.

Hii ilikuwa mbaya kuliko zote. Alijitupa kwa ubavu, na tumbo lile lenye mtoto lilipiga sakafu kwa sauti ya gunia lililojaa. Aliuma mbao za mlango akang'oa kipande. Aliuma na mkono wangu. Daktari wa mifugo wa mjini alikuja mbio, akamchoma sindano ya maumivu huku sisi wanne tumemlalia shingoni, akaweka sikio ubavuni akasikiliza sana. "Kuna kitu kizito ndani, kimekaa chini," alisema. "Mimi natuliza. Wewe tafuta kinachoingia." Aliahidi kurudi na mafuta na mpira wa kumnywesha.

Patron alinikazia macho. Mvuvi hakuwa amekanyaga pale. Majani nilikuwa nimekata mimi.

"Kumbe munafanya kazi pamoja," alisema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulinitisha. "Mpaka mangaribi. Kisha nitaita watu wa barabara."

Katika kuhangaika kwangu niliwahi kupita kwenye machimbo ya almasi, nikajifunza kuzungusha tami, lile chekeche la kuoshea kokoto. Mchimbaji hatafuti jiwe kwa macho. Anayaachia maji yamtenganishie. Nilikusanya mavi yote ya farasi kwenye beseni, nikamwaga maji, nikapondaponda, nikazungusha. Nyasi zilielea, nikazimwaga. Nikaongeza maji, nikazungusha tena, patron akiwa amesimama nyuma yangu na mbao ileile. Chini ya beseni kilibaki kitu cheupe, kizito, chenye chengachenga za mchanga. Nilikichota. Kilishikamana kwenye vidole kama unga uliokandwa.

"Sima!" patron alisema, akimaanisha saruji. "Wamemulisha sima ya kujengea. Nawaua leo."

Tantine alitoka kwenye kibaraza chake kuona ni kelele gani. Aliinama juu ya beseni, akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua.

"Hii si sima. Ni mabele."

Mabele ni ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vipande, unaoliwa na wajawazito. Hakuna mwanamke wa mji huu asiyejua ladha yake.

"Mabele yangu," akaendelea, kama mtu anayetambua kijiko chake. "Iko na mimba, inatamani. Kila siku mukilala saa ya jua kali, mimi nakaa naye, nakula kipande, namupa vipande. Anapenda sana. Anakunusa mufuko mpaka anakutoboa nguo."

"Vipande ngapi, tantine?" niliuliza.

"Sasa mutu mukubwa vile, utamupa kimoja?"

Patron alikuwa na mbao mkononi na hasira ya mchana mzima, na mbele yake alikuwa amesimama dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mkono uliinuka, ukasita, ukaniangukia mimi. Alinipiga sikioni. Nilianguka juu ya beseni, na lile tope jeupe likanimwagikia.

"Umemaliza?" tantine alimwuliza. "Bon. Yule papa ulimuvunja mukono kwa ajili ya mukono wangu. Kwenda umuambie."

"Nitamutumia mutu."

"Ulimuita mulozi kwa mudomo yako. Mudomo yako iende."

Patron alikwenda maporomokoni, kesho yake, baada ya daktari kumnywesha farasi mafuta na tope kuanza kutoka. Nilikwenda pia, sikio langu moja halisikii. Wavuvi wengine walikuwa juu ya miti ya mitego, mvuvi amekaa kwenye jiwe kando. Patron alisimama ukingoni na viatu vyake vya ngozi, akasema jambo. Maji yalilimeza.

"Hatusikie!" mmoja aliita kutoka juu.

Akasema tena.

"Ongeza sauti, patron," mvuvi alimwambia bila kuinuka. "Siku ile ulikuwa nayo."

Basi patron akapaza sauti, mishipa imemsimama shingoni: kwamba mtu huyu hakumtilia farasi kitu, kwamba si mulozi, kwamba ni dada yake aliyemlisha mabele. Walimwuliza amemlisha nini. Akarudia mabele. Walicheka mpaka mmoja akalazimika kukumbatia mti, na patron akabaki ngumi zimefungwa, hana wa kumpiga.

Kutoka juu, bila neno, mtu alirusha kamba. Mvuvi alijaribu kuidaka kwa mkono wa kulia, vidole vikakataa kujikunja, ikamponyoka. Waliirusha tena. Safari hii aliizungushia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akaivuta kuona kama imeshikwa kweli upande wa pili, akaingia majini.